Shangazi, baba alipata kiharusi na mama ana kisukari. Nami nafuata?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, nina mke na watoto wawili. Kazi yangu ni ya hesabu, nakaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi jioni. Baba yangu alipata kiharusi akiwa na miaka 51. Upande wa kulia ulipooza, na mpaka leo hawezi kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mama ana kisukari.

Mwezi uliopita wahudumu wa afya walikuja kazini kutupima. Presha yangu ilikuwa 138/88, na sukari kabla ya kula chochote ilikuwa 6.3. Muuguzi aliandika namba hizo kwenye karatasi, akaniambia "punguza punguza vitu", kisha akamwita mwenzangu. Tangu siku hiyo akili yangu haijatulia.

Si kwamba sijajaribu. Nikianza naanza kwa nguvu: naamka alfajiri kukimbia, naacha sukari, naacha wanga, naacha nyama, usiku sili kabisa. Baada ya wiki mbili tatu niko hoi, kazi zinabana, naacha vyote kwa mpigo na kitambi kinarudi na nyongeza yake.

Nyumbani mke wangu anapika vizuri sana ila mkono wake kwenye chumvi ni mzito. Nikigusia tu, anaona nadharau mapishi yake. Rafiki yangu naye ananishikilia ninywe dawa ya mitishamba ya kusafisha sumu mwilini. Kaka yangu anasema nisijisumbue, kilicho kwenye damu kiko kwenye damu. Sigara sivuti. Pombe ni Jumamosi tu, ingawa siku hiyo hazipungui chupa tano. Usingizi wangu ni wa saa tano kwa usiku, na mke wangu analalamika kwamba nakoroma. Watoto nao mwezi haupiti bila mafua au kuharisha.

Naomba unielekeze, nianzie wapi?

Mwenye Hofu

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya chumvi na mazoezi nina swali. Mke wako ameiona ile karatasi? Umeniambia kwamba analalamika kuhusu kukoroma na kwamba anachukia kuambiwa habari ya chumvi. Hujasema popote kwamba anajua presha yako ni 138/88. Kama hajui, basi anachosikia yeye ni mume anayekosoa chakula tu. Leo jioni, watoto wakishalala, mwonyeshe karatasi hiyo na umwambie unachokiogopa. Mtu aliyemwona baba mkwe wake akifungwa vifungo vya shati hatahitaji maelezo marefu.

Sasa tuzisome namba zenyewe. Presha huhesabiwa kuwa ya juu inapofika 140/90 kwa vipimo vya zaidi ya siku moja, ingawa Marekani tangu 2017 madaktari wa moyo wanaanza kuhesabu kwenye 130/80. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 7.0 na kipimo cha pili kikithibitisha, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo. Kwa hiyo hujawa mgonjwa wa kisukari, na presha yako ipo mlangoni. Lakini kipimo kimoja kilichochukuliwa kwenye foleni, huku wenzako wakiongea pembeni, hakitoshi kumhukumu mtu. Pima upya kwa utulivu. Kaa kwenye kiti chenye egemeo kwa dakika tano bila kuongea, miguu yote miwili ikanyage sakafu bila kuipishanisha, mkono ulale mezani usawa wa moyo, na mkanda wa mashine ufungwe juu ya ngozi, si juu ya shati. Uwe umekwenda haja ndogo kwanza, na nusu saa kabla ya hapo usiwe umekunywa kahawa. Pima mara mbili, dakika moja katikati, uandike zote. Fanya hivyo asubuhi na jioni kwa siku saba, kisha zipeleke namba hizo kwa daktari. Zitamweleza mengi kuliko ile moja ya kazini.

Kaka yako nimjibu mapema, kwa sababu maneno yake ndiyo yatakayokukatisha tamaa siku utakapochoka. Urithi upo, sikatai. Baba kupata kiharusi akiwa na miaka 51 ni jambo la kumwambia daktari, maana ni mapema. Ila mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya watu 55,000 waliopimwa vinasaba vya ugonjwa wa moyo. Hata wale waliobeba urithi mbaya kuliko wote, walioshika angalau mambo matatu kati ya manne (kutovuta sigara, kutokuwa na unene wa kupindukia, kufanya mazoezi, kula vizuri) walipata ugonjwa huo pungufu kwa karibu nusu, ukiwalinganisha na wenye urithi kama wao walioishi ovyo. Nusu si kinga kamili. Lakini mtu akuambie unaweza kuikata hatari kwa nusu kisha useme hakuna la kufanya?

Kuhusu sukari, habari ni njema zaidi. Marekani walichukua watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda kama yako lakini haijafika kisukari. Kundi moja lilipewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari. Kundi jingine lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito na kutembea au kufanya mazoezi mengine ya wastani kwa dakika 150 kwa wiki. Matokeo yalitoka 2002: vidonge vilipunguza idadi ya waliougua kisukari kwa asilimia 31, na mabadiliko ya maisha kwa asilimia 58. Wafini walikuwa wamepata asilimia 58 hiyohiyo mwaka mmoja kabla. Angalia walichoombwa watu wale. Hawakuambiwa waache wanga wote, wala wakimbie alfajiri mpaka wazimie. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo, na dakika 150 ni nusu saa siku tano za wiki.

Hapo ndipo ninapoona tatizo lako lilipo. Huna uvivu, mwanangu. Mvivu haamki alfajiri kukimbia. Unabeba mambo matano siku moja, na kwa kuwa umeyafunga pamoja, likianguka moja yanaanguka yote. Presha haishuki kwa juhudi za wiki mbili ikabaki huko chini. Inafuata unachofanya mwaka mzima. Basi chagua mawili tu, uyashike mpaka yasiwe tena mazoezi bali mwenendo wa nyumba yenu. Mimi ningekuchagulia chumvi na kutembea baada ya chakula cha jioni.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote, na watoto wapate pungufu ya hapo. Tatizo la kijiko hicho ni kwamba hakuna anayekiona. Chumvi inaingia kwa kudonyolewa, inaingia tena kwa viungo vya pakiti, inaingia kwa mkate, nyama za kusindikwa na vitafunwa vya chumvichumvi, kisha mtu anaongeza nyingine mezani kabla hata ya kuonja. Kwa hiyo jaribuni hivi. Siku mtakayofungua pakiti mpya, mwandike tarehe juu yake kwa kalamu. Nyumba yenu ina watu wanne. Gramu 5 kila mmoja ni gramu 20 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo isimalizike kabla ya siku 25, hata kama ingekuwa hamli chumvi nyingine yoyote mahali popote. Kwa kuwa mnakula nyingine, na wawili kati yenu ni watoto, inapaswa kuvuka mwezi bila shida. Ikiisha siku ya kumi na tano, mtajua wote wawili, na hakuna atakayekuwa amemlaumu mwenzake. Tarehe ndiyo itakayosema.

Halafu mwombe yeye mwenyewe aongoze jambo hili, kwa sababu jikoni anajua kuliko wewe na kuliko mimi. Kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili na majani ya kunukia vinaweza kukipa chakula ladha bila chumvi nyingi. Apunguze taratibu, robo ya kipimo kwanza. Ulimi huzoea ndani ya wiki chache, na baadaye chakula cha zamani ndicho kitakachoonekana kimekolea kupita kiasi. Wewe kazi yako ni kuondoa kikopo cha chumvi mezani na kumsifia. Mnunue ile yenye madini joto, maana tunapunguza kiasi, hatuyakimbii madini hayo. Na mkisikia habari ya chumvi mbadala yenye potasiamu, ulizeni daktari kwanza. Kwa mwenye figo mbovu au anayetumia baadhi ya dawa za presha inaweza kuleta madhara.

Kutembea sasa. Msuli unapofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari, inapozidiwa, ndiyo maana dakika kumi au kumi na tano za kutembea mara baada ya kula zina faida yake ya pekee kwa mtu wa 6.3. Huhitaji nguo maalumu. Mkishaondoa vyombo, toka na mke wako, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Mkiwa nje, hamko mbele ya runinga na bakuli la vitafunwa, na hilo nalo ni faida. Mkizoea, ongezeni muda hadi nusu saa.

Kazini, kiti chako nacho ni sehemu ya ugonjwa. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha walichokiona kwa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: makondakta, waliopanda na kushuka ngazi siku nzima, walipata ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa. Wewe ni dereva wa kompyuta. Simama kila baada ya nusu saa, simu ipokee ukiwa umesimama, na ukitaka kumuuliza mwenzako wa ghorofa ya juu, mfuate kwa ngazi badala ya kumwandikia. Miezi michache mbele, mambo haya yakishakuwa kawaida, ongeza mazoezi ya nguvu siku mbili kwa wiki, hata kwa kuinuka na kukaa kwenye kiti au kusukuma ukuta.

Naomba tusimame kwenye kukoroma, kwa sababu umelitaja kama jambo dogo na mimi sioni hivyo. Mwulize mke wako: usiku kuna wakati unanyamaza ghafla, kama pumzi imekatika, kisha unashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo? Asubuhi unaamka na kichwa kizito? Unasinzia mchana juu ya hesabu zako? Kama ndiyo, huenda njia yako ya hewa inaziba usingizini. Kila inapoziba, oksijeni inashuka na mwili unaamshwa kwa mshtuko unaopandisha presha, usiku kucha, bila wewe kukumbuka. Hali hiyo ina matibabu, na ipo presha inayokataa kushuka mpaka ishughulikiwe. Mwambie daktari kwa maneno hayohayo atakayokupa mke wako. Kitambi na pombe huzidisha tatizo. Na hata kama koo halina shida, saa tano hazikutoshi. Mtu mzima anahitaji saba au zaidi. Usingizi ukipungua njaa inaongezeka, na mtu huchagua vya sukari na mafuta. Huenda ndiyo sababu mojawapo ya zile wiki zako tatu kuvunjika: ulikuwa ukiamka alfajiri kukimbia bila kulala mapema.

Kuhusu Jumamosi nakuambia bila kuzunguka. Chupa tano kwa usiku mmoja si sawa na kutokunywa wiki nzima. Unywaji wa namna hiyo hupandisha presha, unaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na unaongeza nguvu ya chakula ambayo mwili unaihifadhi tumboni. Shirika la Afya Duniani limesema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kabisa. Ukiweza kuacha, acha. Kama huwezi kwa sasa, ziwe mbili na zisiwe za mfululizo, na usianze na tumbo tupu. Ukiona kuzipunguza kunakupa mikono ya kutetemeka au jasho, usijilazimishe peke yako, nenda hospitali.

Sukari ya vinywaji iondoe kabla ya kuhangaika na wanga. Soda moja ya kawaida ya mililita 330 ina takriban gramu 35 za sukari, kama vijiko vinane vya chai. Juisi isikudanganye kwa jina la tunda: ukishalikamua umeacha nyuzinyuzi na kubaki na sukari. Kula tunda lenyewe. Kwenye sahani, nusu iwe mboga, robo wanga na robo maharage, samaki, mayai au nyama. Nafaka isiyokobolewa ni bora kuliko iliyokobolewa. Hakuna sababu ya kuogopa chakula cha kwenu; angalia kiasi chake na jinsi kinavyopikwa.

Dawa ya kusafisha sumu usinywe. Una ini na figo mbili, na hizo zinasafisha damu yako mchana na usiku bila kulipwa. Zipo dawa za miti ambazo zimeharibu ini na figo za watu waliokuwa wazima, na chupa isiyoandikwa kilichomo ndani huwezi kuijua. Mshukuru rafiki yako kwa kukujali, kisha mwalike mtembee pamoja.

Watoto: mikono kwa maji yanayotiririka na sabuni, sekunde 20, katikati ya vidole na chini ya kucha, kabla ya kula na baada ya choo. Mkiwasimamia kwa hilo, kuharisha kutapungua, na mafua kwa kiasi fulani. Maji ya kunywa yawe salama, madirisha yafunguliwe, na kadi zao za chanjo zikaguliwe kama kuna iliyorukwa. Mtoto akiharisha, apewe chumvichumvi za kuongeza maji mwilini na zinki kama atakavyoelekeza mhudumu. Damu kwenye choo, macho kudidimia au kushindwa kunywa si mambo ya kusubiri kesho.

Ukienda kwa daktari, omba mambo haya yaangaliwe: presha kwa daftari lako la siku saba, sukari kwa mara ya pili pamoja na kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu kiitwacho HbA1c, mafuta kwenye damu, figo na mkojo. Pima kiuno chako pia, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, ukiwa umeshatoa pumzi na bila kubana tumbo. Kwa mwanamume, kuanzia sentimita 94 hatari inaanza kupanda. Daktari akiona unahitaji dawa ya presha, imeze, na usiiache siku utakayojisikia vizuri, kwa sababu presha ya juu kwa kawaida haiumi. Kutembea na kupunguza chumvi kutaendelea palepale na kuisaidia dawa ifanye kazi.

Na jambo moja ambalo mke wako, watoto wako na hata wenzako kazini walijue, kwa kuwa siku likitokea hutaweza kujieleza, nazo ni dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu, maneno kuvurugika. Kimoja tu kikitokea, mwende hospitali dakika hiyo, hata kama kimepita chenyewe baada ya muda mfupi, na mkumbuke saa kilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo hutolewa kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu za mwanzo, na daktari atakapouliza "kilianza saa ngapi?" jibu lenu litaamua mengi.

Nenda na mke wako kliniki, naye apimwe siku hiyohiyo. Anakula sufuria moja na wewe, na katika barua nzima hukuniambia namba zake.

Shangazi yako